Kabla Squad Haijachagua Duka la Keki, Tuongee Historia Kidogo

Kila mwisho wa mwezi kuna grupu ya WhatsApp mahali Nairobi inabishana. Mko saba. Mnataka kukutana Jumamosi, mle kitu tamu, mpige picha mbili tatu, mrudi home. Mmoja anasema Westlands. Mwingine anasema zii, twende Karen, kuna mahali pana bustani. Wa tatu anasema tukutane tao tu, kila mtu afike na mat moja. Halafu kuna wawili ambao wamesoma kila kitu, tiki ziko bluu, lakini hawajasema hata neno moja.

Hao wawili ndio nataka tuongee juu yao leo. Wengi husema "hao huwa hivyo, hawapendi kutoka." Mimi naona historia ya hili jiji inatuambia kitu tofauti. Swali la nani aketi wapi kula keki Nairobi lilianza zamani sana, kabla nyanya zetu hawajazaliwa.

Tuanze na jiji lenyewe. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Hakukuwa na mji hapa. Kufikia 1902 kulikuwa na Stanley Hotel, na Krismasi ya 1904 Norfolk ikafungua milango. Hapo ndipo walowezi walikuwa wakinywa chai ya saa kumi, na keki na skonzi juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Aliyepika alikuwa Mwafrika. Aliyeleta sinia, amevaa kanzu nyeupe, alikuwa Mwafrika. Aliyeketi hakuwa Mwafrika. Hata Mhindi mwenye duka kubwa na pesa kwa benki hakuwa anakaribishwa.

Jiji nalo lilipangwa hivyo hivyo. Vilima vya magharibi, kwenye hewa safi, vilikuwa vya Wazungu. Ngara na Parklands zikawa za Wahindi. Mashariki, kwenye tambarare, wakawekwa Waafrika, na Pumwani ikaanzishwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika. Ukiwa mwanaume Mwafrika ulitembea na kipande, karatasi ya utambulisho ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Askari akikusimamisha mahali ambapo "huna kazi," ulikuwa na maelezo ya kutoa.

Sasa angalia. Katika mpango kama huo, kibao cha "Wazungu Pekee" hakihitajiki kwa kila mlango. Umbali unafanya kazi. Bei inafanya kazi. Yule jamaa wa mlangoni anayekuangalia kuanzia viatu hadi kichwa anafanya kazi. Ubaguzi wa rangi hapa Kenya ulikuwa na sheria zake, ndio, lakini sehemu kubwa ilikuwa mazoea tu: kila mtu "alijua" mahali pake.

Tom Mboya alisimulia kisa kimoja cha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alikuwa inspekta wa afya wa jiji, kijana wa miaka ishirini na kitu, yuko peke yake ofisini. Mama Mzungu akaingia na chupa ya maziwa aliyotaka ipimwe. Akaangalia huku na huku, akauliza kama kuna mtu yeyote hapo. Mboya amesimama mbele yake! Naye akamuuliza huyo mama kama macho yake yana shida. Nakipenda hiki kisa kwa sababu kinaonyesha jambo moja wazi: unaweza kuwa ndani ya chumba, na kazi yako ndiyo inafanya maziwa ya watu yawe salama, na bado usihesabike.

Na tukiongea maziwa, hebu tuifungue hiyo keki yenyewe. Unga wa ngano: Lord Delamere alijaribu ngano kule Njoro, ugonjwa wa kutu ukammaliza mashamba na kumtia madeni, lakini hakuacha, na 1908 akaanzisha Unga Limited. Siagi na krimu: walowezi walianzisha KCC mwaka 1925, kule Naivasha. Sukari: kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza 1922. Kahawa ya kuteremshia: kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kuipanda. Ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo miaka ya 1930, ikapanuliwa vizuri baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa hivyo ile kombo ya keki na kahawa tunayopiga picha leo ilitoka kwenye ardhi ambayo wengi wa babu zetu walikuwa vibarua juu yake. Waliivuna, wakaisaga, wakaipika. Kuiketia mezani ndiyo ilikuwa shida.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea: wanadhani basi vitu vya kuoka na kukaanga ni uzungu. Wapi! Pwani watu walikuwa na mahamri, kaimati, visheti na halua kabla ya reli kufika. Neno hamri lina undugu na hamira, na yote yametoka kwa Kiarabu. Mkate wa sinia unapikwa kwa mchele, hauhitaji hata punje moja ya ngano. Mofa inaokwa kwenye tanuri la udongo. Na Wahindi walipofungua maduka yao Nairobi walikuja na jalebi, ladu na barfi. Kwa hivyo wakati Stanley inakata keki kwa wachache, Pumwani kulikuwa na mandazi na chai ya maziwa, na Ngara kulikuwa na mithai. Jiji zima lilikuwa linakula vitamu. Shida ni kwamba lilikuwa likila kwa meza tofauti.

Kulikuwa na watu waliojaribu kuvunja hiyo kitu. 1946 kulianzishwa United Kenya Club, mahali ambapo Mwafrika, Mhindi na Mzungu wangeweza kukaa meza moja na kula pamoja. Leo unasoma hivyo unasema "na kwani?" Wakati huo ilikuwa habari kubwa. Baadaye, kuelekea uhuru, hoteli kubwa zikaanza kulegeza. Thorn Tree, ile mkahawa ya New Stanley, ilifunguliwa 1959, na miaka minne baadaye, tarehe 12 Desemba 1963, bendera ikabadilika.

Rangi ikaondoka mlangoni. Ramani ikabaki. Angalia mahali maduka mengi ya keki za bei yamejaa hadi leo: Westlands, Kilimani, Lavington, Karen. Java House ilipofungua duka lake la kwanza mwaka 1999 ilikuwa Adams Arcade, Barabara ya Ngong, upande ule ule wa magharibi. Silaumu mtu. Mfanyabiashara hufuata pesa, na pesa ya Nairobi ilishapangwa nani akae wapi miaka mia moja iliyopita. Ila Mkenya wa Kayole au Dandora akitaka "mahali poa pa kukutana," bado anaambiwa avuke jiji zima.

Sasa rudi kwa wale wawili walionyamaza. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme keki ni 450, kinywaji ni 350, na nauli ya kwenda na kurudi ni 200. Hiyo ni 1,000 kwa mtu mmoja, kwa saa mbili. Anayetoka Kilimani anaweza kutembea. Anayetoka Umoja anapanda mat mbili, na mvua ikinyesha nauli inapanda. Mmeketi meza moja, lakini hamjalipa bei moja. Na hakuna mtu wa miaka 19 anayetaka kuandika kwenye grupu "mimi sina hizo doo." Atasema ana shughuli. Mara ya tatu mtaacha kumuuliza.

Najua kuna mtu atasema: "Ah, ni keki tu, usituletee siasa." Na mwingine atasema hizo sehemu za bei zinaandika vijana kazi, na croissant yao ni tamu. Yote ni kweli. Mimi mwenyewe naipenda croissant. Sisemi tuzigomee. Na siwezi kulinganisha bei ya juu na kipande cha shingoni. Babu hakuwa na njia ya kuweka akiba hadi awe Mzungu, wewe unaweza kuweka akiba hadi ufike hiyo 1,000. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi, iwe ni serikali au mtu binafsi anayeufanya. Hiyo ni hatua kubwa.

Lakini katiba haiwezi kuingia kwenye grupu yenu ya WhatsApp. Hapo mlinzi wa mlango ni nyinyi. Mkichagua mahali kwa kuangalia picha pekee, mnachagua pia nani asije, hata kama hamkukusudia.

Mimi ningefanya hivi. Kwanza, anza na bei wala si jina la mahali. Mtu mmoja apige kura ya siri, kila mtu amtumie kiasi anachoweza, kisha mchague kwa kufuata kiasi cha chini kabisa. Pili, angalieni nauli ya anayetoka mbali zaidi, mchange kama ni lazima. Tatu, zungusheni. Mwezi huu Westlands, mwezi ujao Ngara kwa wauza mithai, mwingine Eastleigh kwa chai ya Kisomali, mwingine Pumwani. Na msiende Eastlands kama watalii. Ile hoteli ndogo yenye kabati ya kioo pale kaunta, iliyojaa mandazi, hafukeki, kwini keki na sambusa, imelisha hili jiji muda mrefu kuliko mkahawa wowote wenye waifai. Keti, agiza, lipa, sema asante kwa mama anayepika.

Nne, na hii ni muhimu: mkifika mahali na mlinzi aanze kumuuliza mmoja wenu "unaenda wapi?" huku wengine wanapita tu, msipite. Simameni wote saba. Muulizeni naye anauliza nini. Hiyo tabia ina zaidi ya miaka mia moja hapa, na haiondoki kwa sababu siku zote anayeulizwa huachwa ajijibie peke yake.

Kwa hivyo kabla hamjafunga mpango wa Jumamosi, rudi kwenye grupu, tafuta wale wawili wenye tiki za bluu, uwatumie ujumbe kando: "Wewe ungependa twende wapi?" Halafu uniambie hapa chini walisema nini.