Magogo ya Alumini ya Joseph Weber

Mwaka 1916 Albert Einstein alieleza kwamba vitu vizito vinapozungukana kwa kasi, anga lenyewe hutikisika na mawimbi husambaa. Kwa miongo mingi hakuna aliyejaribu kuyanasa mawimbi hayo ya mvutano, maana mtikisiko wake ni mdogo kupita kiasi. Aliyethubutu ni Joseph Weber, mhandisi aliyepata kuwa mwanamaji wa Marekani.

Miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Weber alining'iniza kwa waya gogo la alumini lenye uzito wa zaidi ya tani moja, ndani ya tangi lililoondolewa hewa. Kiunoni mwa gogo alibandika vipande vya fuwele. Wimbi likipita, gogo livume kama kengele, na fuwele zigeuze mvumo huo kuwa umeme. Gogo jingine aliliweka karibu na Chicago, umbali wa kilomita 1,000 hivi, kwa sababu lori linalotikisa Maryland haliwezi kutikisa na Chicago papo hapo.

Mwaka 1969 alitangaza kuwa ameyapata. Maabara nyingine zikaunda magogo yao, zisisikie kitu. Weber alishikilia kauli yake hadi kufariki mwaka 2000.

Wapo wanaomkumbuka kwa kosa hilo tu. Wanamwonea. Wanafunzi wa mwanafizikia Rainer Weiss kule chuoni MIT walipomuuliza kuhusu kazi ya Weber, ndipo alipowaza njia ya kutumia mwanga, akaiandika kwa kina mwaka 1972. Njia hiyo ikazaa LIGO: mitambo miwili ya leza, kila mmoja una mikono ya kilomita 4, mmoja jimbo la Washington, mwingine Louisiana, kilomita 3,000 kati yao. Hekima ya gogo la pili haikutupwa.

Tarehe 14 Septemba 2015, karibu na adhuhuri mjini Hannover, Ujerumani, mtafiti Marco Drago aliona ishara ya LIGO kwenye kompyuta yake. Ilikuwa safi mno, akadhani ni jaribio lililopandikizwa. Ikapigwa simu Louisiana, ambako kulikuwa hakujapambazuka. Hakuna aliyepandikiza chochote. Watafiti waliihakiki kwa miezi kadhaa kabla ya kutamka lolote hadharani: mashimo meusi mawili yalikuwa yamegongana, umbali wa miaka ya mwanga bilioni 1.3.

Tangazo lilipotolewa Februari 11, 2016, Virginia Trimble, mwanaastronomia na mjane wa Weber, alikuwa ukumbini. Baadhi ya magogo ya mumewe sasa yako bustanini, Chuo Kikuu cha Maryland.