Koma ya Thika husomwa kwa kidole

"My brother, who lives in Ruiru, sells pineapples." Ondoa koma zote mbili katika sentensi hii na ukoo wa msemaji utaongezeka. Zikiwapo, ana kaka mmoja tu, na habari kwamba anaishi Ruiru ni nyongeza. Zikiondoka, Ruiru ndiko kunakomtambulisha: yuko kaka mwingine, labda Juja, labda Thika kwenyewe, na huyo hatujaambiwa anauza nini. Hakuna neno lililoguswa.

Kizazi kizima cha Wakenya kilikutana na mitego ya aina hii katika KCPE, mtihani uliodumu kutoka 1985 hadi 2023, pale mtahiniwa alipowekewa sentensi nne zinazofanana achague iliyoakifishwa sawasawa. Wengi tulijibu kwa kunong'ona. Tuliisoma sentensi chini kwa chini, na pale pumzi ilipokatika tukaamini koma inastahili kukaa hapo.

Kanuni hiyo tuliirithi kwa walimu, nao waliirithi kwa walimu wao, na mnyororo wenyewe ni mrefu. Lindley Murray, ambaye sarufi yake ya Kiingereza ya 1795 ilitawala shule za Uingereza na Marekani kwa miaka mingi, alifundisha kwamba koma ni kituo kifupi kuliko vyote, na nukta-mkato ni mara mbili yake. Kabla yake, yapata miaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria, alikuwa ameweka nukta katika maandishi ya Kigiriki, ambayo siku hizo yaliandikwa mfululizo bila hata nafasi kati ya maneno. Nukta zake zilikaa juu, katikati au chini ya mstari, na urefu huo ndio uliomwambia msomaji atue kwa muda gani. Mkia tunaouchora leo ulikuja baadaye sana, Venice, katika vitabu alivyochapisha Aldus Manutius mwishoni mwa karne ya 15.

Ubovu wa kanuni ya pumzi ni kwamba mapafu hayajui sarufi. Mtu akisema "The boy who stole the mangoes from our neighbour", amechoka. Anavuta pumzi, anatia koma, kisha anaendelea na "was arrested". Amekosea. Kiingereza cha leo hakikubali koma moja iingie kati ya kiima na kitenzi chake, hata kiima kiwe kirefu namna gani. Pitia tangazo lolote lililochapwa kwa haraka katika saiba za Ruiru na huenda ukalikuta kosa hilo hilo, limekaa kwa raha zake.

Kuna shule moja ambako kanuni ya pumzi haikuweza kutosha tangu mwanzo. Mwaka wa 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua Thika shule ya watoto wasioona, ya kwanza nchini Kenya. Wageni huujua mji huu kwa kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, na wasafiri kwa mananasi ya Del Monte. Kwangu mimi, historia ya kusoma katika mji wa Thika inaanzia kwenye lango la shule hiyo, kwa sababu ya maandishi yaliyofundishwa humo: breli, inayosomwa kwa kidole.

Breli ilitoka Paris. Charles Barbier, aliyekuwa afisa wa jeshi, alibuni maandishi ya nukta kumi na mbili yaliyofuata sauti za maneno, bila alama za uakifishaji. Louis Braille, aliyepofuka akiwa mtoto, alizipunguza nukta zikawa sita, na mwaka wa 1829 akachapisha mfumo wenye tahajia ya kawaida. Alama za uakifishaji zilipatikana kwa hesabu nyepesi: herufi za kwanza za alfabeti zilishushwa ngazi moja. Herufi a ni nukta moja, juu kushoto. Ishushe hadi katikati, upate koma. Herufi b, yenye nukta mbili, ikishushwa inakuwa nukta-mkato. Ni ujanja ule ule wa Alexandria: nukta ni ile ile, maana inategemea imekaa juu au chini.

Kidole cha mtoto wa darasa la kwanza hakina budi kuujua urefu huo. Nukta moja ya juu ni a, ya katikati ni koma, na ya chini, katika breli ya Kiingereza, ni apostrofi. Tena breli iliyofupishwa huibebesha nukta ya katikati mzigo wa pili: ikibanwa katikati ya neno husomwa "ea". Katika "teacher" nukta moja inasimama badala ya herufi hizo mbili. Lakini "tea" lazima iandikwe herufi kwa herufi, kwa kuwa t ikifuatwa na nukta hiyo mwishoni itasomwa kama "that" yenye koma. Chai nzima ya Kiambu ingegeuka kiunganishi.

Kuandika nako kuna mazoezi yake. Anayetumia kibao na kijisumari cha kutobolea huandika kutoka kulia kwenda kushoto, nyuma ya karatasi, kwa hiyo koma yake ni tundu la katikati upande wa kulia; akigeuza karatasi inahamia kushoto. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka wa 1951, ilimwondolea kazi hiyo ya kugeuza: koma ikawa ni kubonyeza mara moja kwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto.

Hapa ndipo pumzi inapokosa kazi. Msomaji wa breli aliye kimya hatulii kwenye koma ili avute hewa. Kidole kinapita juu ya nukta kinaelekea neno linalofuata. Anachopata ni taarifa kwamba kipande kimoja cha sentensi kimefungwa. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mafunzo bora ya koma, nasi wenye macho tuliyakosa.

Mwaka wa 2009 shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika, lilipeleka kompyuta katika shule hiyo ya Thika, na sauti ikarudi darasani. Programu za kusoma skrini kama NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka wa 2006 na kijana asiyeona, kwa kawaida hazitaji koma kwa jina. Sauti inatua kidogo na kuendelea, hivi kwamba mwanafunzi aliyelelewa na sauti pekee anarudishwa kwa Murray: anasikia kituo na kukisia kilichokileta.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kompyuta imeifanya breli kuwa mambo ya kale. Dawa ya muda ipo: katika NVDA, kitufe cha NVDA pamoja na P hubadilisha kiwango cha alama zinazotajwa, na kikifika juu kabisa kila koma inatangazwa kwa jina. Kusoma riwaya namna hiyo ni adhabu. Kusahihisha insha ya Kiingereza kabla ya kuikabidhi ni jambo jingine, na mwanafunzi mwenye breli vidoleni huisahihisha bila kelele zote hizo.