Mswaki, Fizi na Vyuma vya Az-Zahrawi



Nakivubo, baina ya uwanja wa mpira ulioanza mwaka 1926 na soko ambalo wengi bado wanaliita Owino, kijiti cha mswaki ni bidhaa ya kawaida. Uislamu ulifika Buganda mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suna II, kwa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, na sunna zake zikafuata. Mtume (s.a.w.) aliuhimiza mswaki kiasi kwamba, lau si kuhofia kuutaabisha umma wake, angeuamrisha kwa kila swala. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim.

Lakini wapo wazee wetu ambao fizi zinatoka damu, meno yanalegea, nao wanasema mswaki unatosha. Hapo tutazame historia yetu wenyewe.

Abul-Qasim az-Zahrawi wa Kurtuba, Andalusi, aliyefariki mwaka 1013, aliandika Kitab at-Tasrif. Humo alieleza ugaga unaoganda juu ya meno na chini ya fizi, ukawa mweusi, wa manjano au wa kijani, hadi fizi zikaharibika. Dawa yake haikuwa kukata fizi. Alimkalisha mgonjwa, kichwa mapajani mwa tabibu, akaukwangua ugaga. Usipoisha, anarudia kesho yake, na keshokutwa, hadi jino liwe safi. Alichora vyuma 14 vya kukwangulia, kila kimoja na umbo lake, kwani cha mbele ya jino hakifai nyuma yake. Karne ya 12 Gerard wa Cremona akaifasiri sehemu yake ya upasuaji kwa Kilatini, na Ulaya ikajifunza.

Daktari wa meno wa leo huanza hapo hapo: anakwangua ugaga, analainisha mizizi chini ya fizi, pengine kwa mashine inayotetemeka, na ganzi ikihitajika. Huweza kuongeza dawa ya kusukutua ya klorheksidini kwa siku chache. Upasuaji huja baadaye, kwa mifuko ya fizi iliyobaki na kina. Mwenye kisukari na mvuta sigara hupona kwa shida zaidi, nao wasichelewe.

Na mswaki je? Mwaka 2011 watafiti wa Karolinska, Sweden, walionyesha kuwa mzizi wake una kemikali inayoua baadhi ya bakteria wa ugonjwa wa fizi. Alhamdulillah. Ila ugaga ukishakuwa jiwe, kijiti hakiubandui, wala brashi haiubandui.

Wanaouliza kuhusu Ramadhani: Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, Jeddah, liliamua mwaka 1997 kwamba kusafisha meno hakufunguzi maadamu mtu anajizuia kumeza. Lakini fizi mbovu hutoka damu nyingi zikikwanguliwa, kwa hiyo mwenye nafasi aende Shaabani.