Usalama wa Wafanyakazi wa Ofisini

Usalama wa wafanyakazi wa ofisini ni hatua za kuzuia ajali na maradhi yatokanayo na kazi za mezani. Ofisi huonekana salama kuliko kiwanda au mgodi, na hapo ndipo uzembe hupata mwanya. Ajali nyingi ni za kuteleza na kuanguka: sakafu iliyopigwa deki haijakauka, waya umekatiza njia, droo imeachwa wazi. Anayepanda kiti cha magurudumu kufikia faili la juu hujihatarisha bure. Ngazi fupi hutosha.

Umeme hutaka uangalifu zaidi. Birika, pasi na mashine ya kunakili zikichomekwa kwenye ekstensheni moja, waya huzidiwa, hupata joto na huweza kuwaka. Moto wa vifaa vya umeme hauzimwi kwa maji, kwa kuwa maji hupitisha umeme; hutumika kizimamoto cha kaboni dayoksaidi. Moto ukizuka watu hupaswa kutoka haraka, hivyo kufunga mlango wa dharura kwa kufuli, hata kwa kuhofia wezi, ni kosa lisilo na udhuru.

Madhara mengine huja polepole: maumivu ya mgongo, shingo na viganja, pamoja na uchovu wa macho. Ili kuyaepuka, skrini huwekwa umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukilingana na macho, na nyayo zikanyage sakafu.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), huzihusu pia ofisi.