Askofu wa Kigezi na Chuki Yake Mwenyewe

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliopo shuleni sasa,

Katika mkutano wetu wa mwisho tulikumbushana yaliyoipata nchi yetu siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata: watu waliouawa katika miji kadhaa, amri ya kutotoka nje usiku kule Dar es Salaam, simu zilizokosa mtandao. Mzee mmoja miongoni mwetu akasema dawa ni kusameheana. Ndipo kijana wa Kidato cha Nne aliposimama kwa adabu akauliza: "Shikamooni wazee. Mtu ameuawa ndugu yake, na aliyeua hajaomba radhi. Huyo anamsamehe nani, na kwa lipi?" Ukumbi ukanyamaza. Mwenyekiti akasema muda wa chakula umefika.

Mhariri amenipa kurasa hizi nilijibu swali lile. Mimi si mchungaji wala shehe. Nimekula chaki za somo la historia kwa miaka mingi, na sina njia nyingine ya kujibu ila kutazama watu walioulizwa swali hilo hilo kabla yetu, na si kwa maneno.

Nianze karibu na nyumbani. Ng'ambo ya Tunduma iko Nakonde, na Wanyamwanga wako pande zote mbili, kwa kuwa mpaka ule waliuchora Waingereza na Wajerumani bila kumwuliza Mnyamwanga hata mmoja. Si mbali na hapo iko Mwenzo, misheni ya Waskoti, ambako kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walimu wachache Waafrika, wakiwamo Donald Siwale na David Kaunda, waliunda chama cha kutetea maslahi ya watu wao. David Kaunda huyo ndiye baba wa Kenneth Kaunda, aliyezaliwa mwaka 1924 katika misheni ya Lubwa, wilayani Chinsali. Katika eneo lile lile la Lubwa, kijiji cha Kasomo, alikuwako mwanamke aitwaye Alice Lenshina. Mwaka 1953 alisema kwamba amekufa akafufuka, na amepewa ujumbe wa kuwafikishia watu. Wakamjia kwa maelfu, wakasalimisha hirizi zao, wakaacha uchawi. Kanisa lake likaitwa Lumpa. Hata ndani ya ukoo wa Kaunda walikuwako waumini wake.

Kaunda mwenyewe alikuwa mfuasi wa Gandhi, mtu aliyeamini kwamba uhuru waweza kupatikana bila kumwaga damu. Lakini waumini wa Lumpa walikataa kadi za chama chake cha UNIP. Vijana wa chama wakawapiga na kuwachomea makanisa. Wao nao wakajijengea vijiji vyenye boma wakalipiza kisasi. Julai 1964, Kaunda akiwa Waziri Mkuu wa miezi michache tu, askari polisi waliuawa na jeshi likatumwa. Tarehe 30 Julai kanisa lao kuu, Sione, lilitekwa, na waumini wengi wakafa hapo hapo. Siku chache baadaye waumini wengine walivamia Lundazi wakaua wanakijiji wasio na hatia. Fujo zilipotulia, mnamo Oktoba, mwezi ule ule Zambia ilipopata uhuru, hesabu ya serikali ilikuwa imepita watu 700. Lenshina alijisalimisha Agosti, akawekwa kizuizini bila kuhukumiwa hadi mwaka 1975, akafa mwaka 1978. Wafuasi wake wengi walikimbilia Kongo.

Nimelieleza jambo hili kwanza kwa sababu vijana hudhani kwamba imani peke yake yatosha. Chinsali imani ilikuwapo tele, pande zote mbili. Viongozi wote wawili walikuwa watoto wa misheni moja, na nyimbo walizijua zile zile. Kilichokosekana ni mtu wa upande wowote aliyejitazama mwenyewe kabla ya kumtazama mwenzake.

Kisa cha pili kimetokea mbali na kwetu, lakini mhusika wake alikaa Tanganyika, tena kwa kazi ya ualimu. Festo Kivengere alizaliwa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, mnamo mwaka 1919. Miaka ya 1940 na 1950 alifundisha Dodoma, katika shule ya Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo na ambayo majengo yake leo ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mwaka 1960, Mmarekani Billy Graham alipohubiri Moshi, Kivengere ndiye aliyekuwa mkalimani wake wa Kiswahili.

Alikuwa mtu wa Uamsho, yaani harakati iliyoanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki yote. Walokole wa kwanza hawakuwa watu wa kuhubiri tu. Mlokole alitakiwa asimame mbele ya wenzake aseme dhambi yake kwa jina lake, kisha aende akarudishe alichoiba na kumtaka radhi aliyemkosea. Majirani waliwaona kero, na mara nyingine walikuwa kero kweli. Lakini wakati wa Mau Mau kule Kenya, wapo walokole wa Kikuyu waliokataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki ya serikali, na baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaita waoga.

Kivengere aliokoka mwaka 1941, akiwa mwalimu kijana. Husimuliwa kwamba alikuwako Mzungu mmoja mmisionari ambaye alimchukia. Akapanda baiskeli, akaenda maili zipatazo 50, kumwambia Mzungu yule kwamba alikuwa akimchukia na kwamba ameiacha chuki hiyo. Fikirini ninyi mnaozijua njia za milimani, kama zile za Ileje. Maili 50 kwa baiskeli ni muda wa kutosha kabisa mtu kubadili nia na kurudi nyumbani, hasa akikumbuka kwamba Mzungu ndiye mtawala na kwamba mwenye haki ya kununa ni yeye. Hakurudi. Naiweka safari hiyo mbele kwa makusudi, kwa sababu yaliyotokea miaka 36 baadaye hayaeleweki bila hiyo baiskeli.

Idi Amin alitwaa serikali Januari 1971. Mwaka uliofuata Kivengere akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi. Februari 1973 Amin aliamuru watu walioshitakiwa kwa uasi wapigwe risasi hadharani, kila mmoja katika mji wa kwao. Watatu waliletwa uwanja wa Kabale, na watu wakakusanywa kutazama. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla hawajafa, akapewa. Mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda akitafuta neno la kuwaambia, akawakuta wamekwisha pata amani yao, na mmoja wao akimwomba awapelekee jamaa zake habari hiyo.

Askofu mkuu wakati huo wa mwisho alikuwa Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini, mlokole tangu mwaka 1948. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia nyumbani kwake Namirembe wakidai kutafuta silaha. Hawakuona kitu. Maaskofu wakakutana wakamwandikia Amin barua, na hapa nawaomba wanafunzi wasome polepole. Barua ile haikuwa ya kunyenyekea wala ya matusi. Walimweleza rais wazi kwamba raia wanauawa, na kwamba bunduki iliyopaswa kuwalinda watu imewageukia. Wakatia sahihi majina yao. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakasimamishwa mbele ya silaha zilizopangwa ili waonekane wahaini. Wengine wakaruhusiwa kwenda, Luwum akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mwili ulipofikishwa Mucwini, jeneza lilifunguliwa, na matundu ya risasi yakaonekana. Namirembe lilikuwako kaburi lililochimbwa na kubaki tupu.

Kivengere alionywa kwamba zamu yake imefika. Yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku wakaingia Rwanda. Baadaye akawa London. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 8 Aprili, aliketi katika ibada ya saa tatu katika kanisa la All Souls, na pale aliposomewa maneno ya msalabani, ombi la kuwasamehe wasiojua watendalo, akagundua kitu kuhusu nafsi yake mwenyewe. Alikuwa amekauka. Alikuwa anamchukia Amin, na chuki hiyo ilikuwa imeanza kuyala mahubiri yake. Aliona kwamba kama Amin angekuwa mmoja wa wale waliopigilia misumari, ombi lile lingemhusu na yeye. Mwaka huo huo akatoa kitabu kidogo chenye jina la kushtua, I Love Idi Amin, maana yake "Nampenda Idi Amin".

Jina hilo linakera hata leo, na nadhani lilikusudiwa kukera. Mtu aliyefiwa Acholi au Lango angeweza kabisa kumwuliza: unampenda kwa idhini ya nani? Lakini tazameni alichofanya baada ya kusema hivyo. Hakusema Luwum alikufa kwa ajali. Alizunguka nchi za watu akieleza mauaji yaliyokuwa yakitendeka Uganda, na akashughulikia msaada kwa wakimbizi wa Uganda, wakiwamo wanafunzi waliokatishwa masomo. Msamaha wake haukufuta hata sentensi moja ya ile barua ya maaskofu. Kwa maoni yangu hapo ndipo jibu la kijana wetu linapoanzia. Kivengere hakumpa Amin hati ya kuwa hana deni. Alikataa tu kuendelea kumbeba Amin ndani ya kifua chake, na ili akatae ilimbidi kwanza akiri kwamba amembeba.

Hapana budi niseme pia kwamba Amin hakuondolewa kwa upendo. Aliivamia Kagera Oktoba 1978, na Novemba Mwalimu akatangaza vita. Kutoka vijiji vya Mbozi walikwenda askari na mgambo, na wengine wenu mnao wazee waliokwenda. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Aliporudi Vwawa alipokewa kwa ngoma na pombe, na vijana wakaanza kuimba nyimbo za kumtukana Amin na kabila lake. Baba mdogo akaweka kibuyu chini akaenda kulala. Nilipomwuliza asubuhi alisema amekula matoke ya akina mama wa kule, na hawezi kuwaimba. Hakuwa mlokole, kanisani alionekana Krismasi na Pasaka. Naona alikuwa na haki ya kupigana vita ile, na alikuwa na haki vilevile ya kutokuimba.

Maana Uganda ilikuja kuonekana nyimbo za namna ile zinakofika. Kivengere alirejea Kabale Mei 1979, akakuta nchi yenye njaa ya kisasi, akafanya kazi ya kuhubiri upatanisho kwa watu ambao wengi wao hawakutaka kumsikiliza. Kule West Nile, nyumbani kwa Amin, askari wa jeshi jipya waliwalipizia raia makosa ya mtu aliyekwisha kimbia. Tarehe 24 Juni 1981 waliwashambulia watu waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, wakaua wengi, watoto wakiwamo. Walioua walikuwa jeshi la wale waliomwangusha Amin. Sura za watawala zilikuwa zimebadilika, bunduki ikaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana yule kama aliyefiwa mwaka 2025 anapaswa kusamehe, nasema kwamba hakuna mwenye mamlaka ya kumwamuru, hasa si mtu aliyelala usingizi usiku ule. Wazee tunapenda kuharakisha msamaha wa wengine ili tupumzike sisi. Kivengere hakuamriwa na mtu. Na wale maaskofu hawakumwambia mjane yeyote wa Uganda anyamaze. Waliandika barua kwanza.

Tangu mwaka 1998 sanamu ya Luwum iko kwenye ukuta wa Westminster Abbey, London, pamoja na wafia dini wengine wa karne ile, na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda. Idi Amin alifia Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003. Hakusimamishwa mbele ya mahakama yoyote. Kivengere alikuwa amekwisha fariki Nairobi, Mei 1988. Mtu aliyemsamehe alimzidi kuishi kwa miaka 15.