Lenzi Pana ya Zamani na Mahali pa Kusimama

Ukiingia soko la lenzi za mitumba leo, liwe duka la katikati ya Nairobi au mnada wa intaneti, maswali ni yale yale matatu: ni ya milimita ngapi, inaingia kamera gani, na bei ni ngapi. Swali la nne halisikiki sana, ilhali ndilo lingekuokolea pesa: lenzi hii iliundwa kutatua shida gani? Kila lenzi pana ya zamani ni jibu la shida fulani, na jibu hilo lilikuja na gharama yake. Anayeijua gharama hiyo hachagui kwa kubahatisha.

Shida ya kwanza ni ya macho. Simama ukingoni mwa Bonde la Ufa, juu ya Mai Mahiu, ukiangalia magharibi. Kulia kuna Longonot, kushoto kuna Suswa, na wewe unageuza shingo tu. Akili inaunganisha vipande bila hata kukuambia. Kamera haina shingo. Lenzi ya milimita 50, kwenye fremu ya kawaida ya milimita 24 kwa 36, huona pembe ya digrii 47 hivi. Ya 28 huona 75, ya 24 huona 84, ya 20 huona 94. Kufika hapo kulichukua zaidi ya miaka mia moja.

Wapiga picha wa zamani waliizunguka shida hii kwa jasho. Mwaka wa 1906, Vittorio Sella kutoka Italia alipanda Rwenzori katika msafara wa Duke wa Abruzzi. Alipotaka kuonyesha safu nzima ya vilele, alipiga bamba moja la kioo, akageuza kamera kidogo, akapiga la pili, akaendelea hivyo. Baadaye picha ziliwekwa bega kwa bega zikawa mandhari moja ndefu. Matokeo ni ya ajabu hadi leo. Lakini mizigo ya msafara ilipanda matopeni migongoni mwa wapagazi, wakiwemo Wakonjo wa miteremko ile ile. Upana ulikuwa na uzito, na uzito ule ulikuwa na mwenye kuubeba.

Mafundi wa lenzi nao walikuwa wameshaanza kuhangaika. Mwaka wa 1859 Thomas Sutton, Mwingereza, alisajili lenzi ya ajabu: tufe la kioo lililojazwa maji. Iliona digrii 120 hivi, ila ilidai bamba la kioo lililopindwa kama kipande cha mtungi. Hebu fikiria kulipaka dawa bamba kama hilo, tena likiwa bichi, ndani ya hema! Muda mfupi baadaye, New York, Harrison na Schnitzer walitoa lenzi waliyoiita Globe, kwa sababu nyuso zake za nje zilifuata umbo la tufe. Hiyo ilifanya kazi kwenye bamba bapa, lakini iliacha doa la nuru katikati ya picha. Kisha mwaka wa 1900 ikaja Hypergon ya kampuni ya Goerz, Ujerumani, iliyobuniwa na Emil von Höegh. Vipande viwili tu vyembamba vya kioo, vilivyopinda kama vibakuli vinavyotazamana, na pembe inayokaribia digrii 140.

Hapo ndipo sheria moja ya maumbile ilipojitokeza wazi. Nuru inayofika pembeni mwa picha hupungua kadiri pembe inavyopanuka, na haipungui kidogo kidogo. Kwa lenzi za muundo huo wa kale, pembe ikiwa digrii 90, kona hupata robo tu ya nuru inayofika katikati. Ikiwa 140, kona haipati hata moja ya sabini. Ndiyo maana Hypergon ilikuja na kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota mbele yake. Mpiga picha alibinya mpira mkononi, hewa ikakizungusha, kikaziba sehemu ya katikati ili kona zipate muda zaidi wa nuru. Inachekesha, lakini ilifanya kazi.

Tukumbuke hilo, kwa maana kona zenye giza katika lenzi ya zamani mara nyingi watu huzisoma kama uzee au uchakavu, kumbe ni hesabu.

Shida ya pili haikutoka kwenye maumbile. Ilitoka kwa binadamu aliyetaka kuona kupitia lenzi yenyewe. Kamera ndogo za filamu kama Leica, iliyoingia sokoni 1925, zilikuwa na dirisha la pembeni la kuchungulia. Ndani hapakuwa na kitu kati ya lenzi na filamu, kwa hiyo lenzi pana ingeweza kuingia ndani kabisa hadi ikaribie kuigusa filamu. Biogon ya milimita 21, kazi ya Ludwig Bertele kwa kampuni ya Zeiss katika miaka ya 1950, ilifanya hivyo, na mistari yake iliyonyooka bado inasifiwa.

Lakini kamera za kuakisi zilikuja na kioo nyuma ya lenzi, kinachoipeleka picha machoni na kujiinua unapobonyeza. Kioo kile kinataka nafasi. Kwenye Nikon F ya 1959, kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye filamu ni milimita 46.5. Sasa lenzi ya milimita 21 ya muundo wa kale ingekaa wapi? Nikon wenyewe walipotoa ya kwanza, mpigaji alilazimika kukiinua kioo na kukifunga juu, kisha achungulie kwenye kidirisha kingine cha kupachika. Yaani ununue kamera ya kuonea kupitia lenzi, kisha usione kupitia lenzi.

Suluhisho lilikuwa limeshaonekana miaka ya 1930 katika kamera za filamu za sinema za rangi, ambazo nazo zilihitaji nafasi nyuma ya lenzi. Mwaka wa 1950 kampuni ya Angénieux ya Ufaransa ikalileta kwa wapiga picha wa kawaida kwa lenzi ya milimita 35 iliyoitwa Retrofocus. Wazo lake ni kuigeuza lenzi ya kuvuta mbali, nyuma mbele. Unaweka mbele kipande kikubwa kinachotawanya nuru, na nyuma yake vipande vinavyoikusanya. Picha inaundwa mbali zaidi nyuma, na kioo kinapata nafasi ya kupumua. Ukiona lenzi pana ya zamani yenye jicho kubwa lililotokeza mbele, hiyo ndiyo sababu.

Gharama yake? Vipande vingi. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha karibu asilimia 4 ya nuru. Lenzi yenye nyuso kumi na nne, bila kupakwa kitu, hupoteza zaidi ya asilimia 40, na nuru ile haiendi zake. Inarukaruka ndani na kuipausha picha. Bila utando mwembamba aliouvumbua Alexander Smakula wa Zeiss mwaka wa 1935, lenzi hizi zingekuwa kazi bure. Utando wa tabaka nyingi ulipoenea kuanzia miaka ya 1970, Pentax wakiwa mstari wa mbele mwaka wa 1971, ndipo mtu akaweza kuelekeza lenzi pana karibu na jua bila kuogopa sana.

Gharama nyingine ilikuwa kwamba lenzi hizi zililegea zilipofokasi karibu. Mwaka wa 1967 Nikon walitoa ya milimita 24 yenye tundu la f/2.8, ambayo baadhi ya vipande vyake husogea kwa kujitegemea unapokaribia kitu. Tangu hapo ungeweza kuweka ua nusu mita mbele yako, nalo likawa safi.

Sasa tuje kwenye kejeli ya historia. Kamera za leo zimekiondoa kioo. Sony za kutoka 2013 zina milimita 18 tu kutoka mdomoni hadi kwenye kihisi, kwa hiyo adapta rahisi ya chuma inakuwezesha kufunga karibu lenzi yoyote ya zamani. Ungedhani zile za kuingia ndani kabisa, kama Biogon, ndizo zingefurahia. Mara nyingi ni kinyume. Filamu haijali sana nuru ikija kwa mshazari, lakini kihisi kinajali. Kona hupata rangi ya zambarau au kulegea. Lenzi za kuakisi, ambazo nuru yake hutoka mbali na kufika ikiwa imenyooka zaidi, ndizo zinazopatana na kamera mpya. Zililipa gharama kwa sababu ya kioo, na sasa kioo hakipo, faida imebaki.

Basi kwa anayechagua leo kwa kazi ya nje, historia yenyewe inampa orodha. Kwanza, jua fremu ya kamera yako. Kihisi kikiwa kidogo, kile cha kuzidisha mara moja na nusu, lenzi ya 24 itakuonyesha kama 36, na ya 20 kama 30. Usinunue upana ambao hutaupata. Pili, kwa jua letu la ikweta, tafuta utando wa tabaka nyingi, yaani lenzi za kuanzia katikati ya miaka ya 1970. Tatu, usilipie tundu kubwa. Nje mchana utapiga f/8 au f/11, na hapo ndugu wa bei nafuu, zile za 28 zenye f/3.5 au f/2.8, husimama bega kwa bega na wakubwa wao.

Nne, ikague kwa mikono yako. Imulike tochi kutoka nyuma utafute kuvu, yale matandabui meupe. Lenzi iliyokaa miaka Mombasa au Lamu kabatini bila hewa ni ya kushukiwa. Angalia kama visu vya tundu vina mafuta. Halafu piga ukuta wa matofali kwa f/8, ulinganishe kona zote nne. Zikilegea sawasawa, huo ni muundo. Ikilegea moja peke yake, lenzi imeanguka au fundi ameifungua akaifunga vibaya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji akikunyima nafasi ya kuijaribu, nenda zako.

Tano, thamini zile namba zilizochongwa kwenye mwili wake. Ukiweka ya 24 kwenye f/11 na fokasi kwenye mita 1.8 hivi, kila kitu kuanzia mita 0.9 hadi upeo wa macho kitakuwa safi vya kutosha. Huhitaji kamera ikutafutie fokasi. Lenzi nyingi mpya zimeifuta hesabu hiyo.

Lakini lipo jambo moja kubwa kuliko kuvu na tundu. Mwaka wa 1861 Carleton Watkins alibeba kwa nyumbu kamera kubwa ya mabamba ya sentimita 46 kwa 56 hadi bonde la Yosemite, California. Picha zake zinahesabiwa miongoni mwa mambo yaliyowashawishi wakubwa wa Washington, na mwaka wa 1864 Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kulihifadhi bonde lile. Jambo jema. Ila miaka kumi tu kabla ya picha hizo, mwaka wa 1851, wanamgambo walikuwa wameingia bondeni kuwafukuza Waahwahneechee, wenyeji wake. Mtazamaji wa mashariki aliona maporomoko, miamba na ukimya, akadhani ukimya ule ni wa tangu kuumbwa kwa dunia.

Sisi Wakenya tunaujua mtindo huo. Tumelelewa na kalenda na mabango ya nyika isiyo na mtu, isiyo na ng'ombe, mlima nyuma, mti mmoja mbele. Upana umetumika sana kuonyesha ardhi kana kwamba inasubiri mwenyewe.

Na hapa lenzi pana, ukiielewa, inakataa uongo huo. Fanya hesabu. Kutoka Nanyuki, kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, kiko umbali wa kilomita 32 hivi na juu yako kwa mita 3,200 na ushei. Kwa lenzi ya 24, mlima wote huo unakuwa milimita mbili u nusu kwenye fremu yenye kimo cha milimita 24, yaani moja ya kumi. Mwenye kutaka mlima peke yake atavunjika moyo, na atarudi dukani kutafuta lenzi ndefu. Ni sawa, lenzi ndefu ndiyo anayohitaji.

Tisa za kumi zilizobaki ni za mbingu na za kilicho karibu nawe: ua wa michongoma, mwanamke anayepalilia viazi, mzee na kondoo wake, waya za umeme. Lenzi pana hulikuza lililo karibu na kulidogosha lililo mbali. Ukisimama mbali na kila kitu, inakupa picha tupu yenye mlima kama kichuguu. Ikuwie radhi basi, itakulazimisha usogee, usalimie, uombe ruhusa, usimame mita moja na nusu kutoka kwa mwenye shamba. Kabla ya kuuliza bei, jiulize kama uko tayari kusimama hapo. Kama hauko tayari, iache lenzi kabatini kwa muuzaji. Kama uko tayari, ile ya 28 ya f/3.5 ambayo hakuna anayeigombania itakutosha kwa miaka mingi.