Nyeupe pepepe au nyeupe kama theluji?

Wiki hii kuna ubishi umezuka darasani, nikaona niulete huku. Mwenzetu kaandika kwenye insha yake "kanzu nyeupe pepepe". Ikarudi na wino mwekundu: "tumia tashbihi", na pembeni kawekewa mfano, "nyeupe kama theluji". Alama mbili zikakatwa. Theluji, Unguja hii!

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1864 Edward Steere alifika Unguja na misheni ya UMCA, akajifunza lugha kwa wenyeji, na 1870 kikatoka kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili "kama kinavyosemwa Unguja", ndivyo jina lake lisemavyo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. (Mombasa hawakufurahi, lakini hilo la siku nyengine.) Yaani lugha ya mitaa hii ndiyo iliyopewa kiti.

Sasa pita Mlandege madukani usikilize. Kitambaa cheupe pepepe, cheusi tititi. Umeme ukikatika, giza totoro. Duka limejaa pomoni, mlinzi kalala fofofo. Januari 2024 Mlandege ilipoifunga Simba 1-0 fainali ya Kombe la Mapinduzi, wenye Simba yao walinyamaza jii! Hapo hamna "kama" hata moja. Mwingereza atatafuta kitu cha kufananishia: makaa, theluji, gogo. Sie tunatia sauti, na kila sauti ina mwenyewe. Huwezi kusema cheusi pepepe, wala mtu kalala tititi. Kama hiyo si sarufi, ni nini?

Wataalamu waliliona. Clement Doke aliyapa maneno haya jina lake la kitaalamu mwaka 1935, akiandika kuhusu lugha za Kibantu. Nionavyo mie, shida ni shuleni: yaliwekwa kabati la "tanakali za sauti", na tashbihi ikabaki kuwa kitu chenye "kama", "mithili ya" au "mfano wa" tu. Mwanafunzi akiambiwa apambe insha, mkono unakwenda kabati moja.

Si kwamba "kama" si yetu. Mchungu kama shubiri: shubiri ni utomvu mkavu wa mshubiri, kisiwa cha Sokotra kikisifika kwa biashara yake, na jina limetoka kwa Waarabu, sabir. Mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa hujipaka hiyo. Anayeijua ladha yake haulizi maana. Mrefu kama mlingoti, nayo imezaliwa bandarini. Hata theluji ni neno la siku nyingi, thalj ya Kiarabu, na Kilimanjaro ipo. Ila kulitia kwenye kanzu ya mtu wa Mlandege, halafu pepepe ndiyo ikatwe alama, hapo sikubali.

Wino mwekundu ungefaa kwengine. "Analia kama mtoto" sawa, limefuata jina. Lakini "analia kama kafiwa" ukiiandika, msomaji anaweza kudhani unamaanisha "iwapo kafiwa". Andika "kana kwamba kafiwa". Hilo nalikuta kwenye insha kila siku, na halikatwi.

Kitu kimoja kinanisumbua. Nyeupe ina pepepe, nyeusi ina tititi, kwa nyekundu nasikia kila mtu na lake. Wapemba mliomo humu, kwenu nyekundu mnaitia sauti gani?